Kufa Mara 41 Kabla ya Chakula cha Usiku



Nawaandikia leo juu ya jambo ambalo wengi wenu mtalicheka, nanyi mna haki ya kulicheka. Mwezi uliopita, mimi mtu wa miaka hamsini na kitu, niliyesomea ualimu na kuufanya nusu ya maisha yangu, nilikaa juu ya mkeka mbele ya televisheni, nimeshika mikononi kidude cha plastiki chenye vitufe, nikafa mara 41 kabla ya chakula cha usiku. Hesabu hiyo ninaijua kwa hakika, kwa sababu mpwa wangu alikuwa akitia punje moja ya mahindi katika kikombe kila mara nilipoanguka. Dada yangu alipokuja kutuita tukale, alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akarudi jikoni bila kusema neno.

Sikuwa nimekwenda pale kucheza. Nilikwenda ili kuiondoa mashine ile nyumbani. Mpwa wangu ana miaka 19. Mwaka jana alifanya Mtihani wa Serikali, ule unaofunga mwaka wa sita wa sekondari, akashindwa. Na tangu matokeo yatoke hakuna aliyemsikia akitaja shule tena. Asubuhi alimsaidia mama yake kubeba bidhaa sokoni, mchana alilala, na jioni, betri ya jua ikiwa imejaa, alijifungia na kasha dogo la michezo, lile la bei nafuu linalotoka China na kuuzwa likiwa na michezo mingi ya zamani tumboni mwake. Mama yake aliniletea ujumbe: Kaka, njoo useme naye, mimi maneno yamenikauka.

Nami maneno nilikuwa nayo tele. Niliyapanga njiani kama mwalimu anavyopanga somo: utangulizi, mifano mitatu, kisha zoezi. Nilifika mpaka mfano wa kwanza.

"Mjomba," akasema kwa upole, "nakuomba jambo moja tu. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mtu hahukumu kitabu ambacho hajakisoma. Cheza kwanza. Ukiisha kucheza, hukumu."

Nilikuwa nimenaswa kwa kamba yangu mwenyewe. Nikavua viatu, nikakaa.

Mchezo alionichagulia ni mzee kuliko yeye. Ulipotoka mara ya kwanza mimi nilikuwa bado mwanafunzi. Unaitwa Ghosts 'n Goblins. Ulitengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1985, chini ya uongozi wa Tokuro Fujiwara, na Wajapani wenyewe huuita Makaimura, jina ambalo maana yake ni kama kusema "kijiji cha ulimwengu wa mashetani". Mwanzoni ulichezwa katika mashine kubwa za sarafu, zile zilizosimamishwa madukani na katika kumbi za michezo. Mwaka 1986 ukahamishiwa mashine ya nyumbani ya Nintendo, na toleo hilo ndilo linaloigwa na kasha la mpwa wangu. Hadithi yake ni fupi. Shujaa mmoja, Arthur, ameketi na binti mfalme. Shetani anashuka na kumnyakua binti. Arthur anavaa deraya yake na kufuata nyuma. Kilichobaki ni kutembea kuelekea kulia.

Nilidhani kutembea kuelekea kulia ni kazi rahisi.

Hatua ya kwanza ni makaburini. Maiti zinachipuka ardhini kama uyoga baada ya mvua, mbele yako na nyuma yako, wala hazingoji zamu. Kunguru ametulia juu ya jiwe la kaburi, na anaendelea kutulia mpaka umkaribie. Mimea ya kijani inatema mate ya sumu. Ukiguswa mara moja na chochote kati ya hivyo, deraya yote inapasuka, na shujaa wako anabaki na nguo ya ndani tu, mbele ya macho ya wapwa na dada zako. Ukiguswa mara ya pili, anageuka rundo la mifupa. Hakuna mguso wa tatu. Juu ya hayo, kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, ili usipate wazo la kukaa mahali pa usalama. Kuna hata jiwe moja la kaburi ambalo ukilipiga mno, mchawi hutokea na kukugeuza chura. Nilikuwa chura mara mbili. Sikujua hata kwamba nalipiga jiwe. Nilikuwa nikibonyeza vitufe vyote kwa woga.

Mara ya kwanza nilikufa kabla sijajua mimi ni nani kati ya wale waliokuwa wakitembea katika kioo. Mara ya pili nilijua, nikafa vivyo hivyo. Kilichonikasirisha zaidi ni kuruka. Katika michezo mingi, mpwa wangu alinieleza, mtu akiisha kuruka anaweza kujirekebisha angani, akasogea kidogo huku au huku. Arthur hawezi. Miguu yake ikiisha kuacha ardhi, njia yake imekwisha kuamuliwa. Atatua pale pale alipolenga, hata kama pale pamekwisha kuota maiti. Nilinung'unika kwamba mashine imeharibika. Kijana akachukua kidude, akaonyesha kwamba haikuharibika, akanirudishia.

Wale waliopita makaburi yale watakuwa wananingoja nimtaje pepo mwekundu. Yuko mbele kidogo, amejikunyata chini kama mtu anayeota jua. Unapomkaribia anaamka, anaruka juu, anaelea kidogo, kisha anashuka kwa mshazari kukuelekea. Ukirusha mkuki anaukwepa, na ukimkimbia anakufuata. Kati ya punje 41 zilizokuwa katika kikombe, nadhani nusu zilikuwa zake yeye peke yake. Nilimshambulia kwa hasira, na hasira yangu ilimfaa yeye kuliko mimi.

"Usimkimbilie, Mjomba," akasema mpwa wangu. "Mtazame kwanza."

Maneno hayo nimeyasema mimi mara ngapi mbele ya ubao? Tazama kwanza swali, usikimbilie jibu. Niliyasema nikiwa nimesimama, nimeshika chaki, na jibu nikiwa nalo mfukoni. Sasa niliyasikia nikiwa chini, jasho likinitoka, na jibu sina. Ni maneno mengine kabisa yakisikika kutoka upande ule. Mtu anayeogopa hawezi kutazama. Macho yapo, lakini yanaona hatari tu, hayaoni mpangilio wake. Ilinichukua vifo kadhaa nikiwa nimekaa kimya, sirushi chochote, namwacha aniue kusudi nimwone anavyoshuka. Ndipo nikaona kwamba kushuka kwake kuna desturi. Katika kifo cha 34, au baada yake kidogo, nilisimama mahali panapofaa, nikageuka kwa wakati, mkuki ukampata, ukampata tena, akatoweka. Nilipiga ukelele ambao majirani waliuulizia kesho yake.

Kisha nikafika kwenye maji, ambapo inabidi kupanda kitu kinachosogea, nikaruka mapema mno, nikazama. Punje moja zaidi.

Baada ya chakula aliketi yeye, nami nikatazama. Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Kijana huyu, ambaye katika karatasi yake ya shule mtu aliandika kwamba hana uvumilivu, alipita makaburini kama mkulima anavyopita shambani kwake usiku bila taa. Alijua kila kaburi. Alijua ni wapi asimame, ni wapi asiokote silaha, maana silaha nyingine zina hasara kuliko faida; mwenge, kwa mfano, wachezaji wengi huukwepa kama ugonjwa, na mchezo huu hauruhusu kubeba silaha mbili, ukigusa mpya umekwisha kuitupa ile njema. Nilimwuliza amekufa mara ngapi ili kuyajua yote hayo. Akafikiri kwa uaminifu, akasema hajui, labda mia nyingi. Na hakukata tamaa? Akanitazama kana kwamba swali langu halina maana. "Kukata tamaa kwa nini? Nilikuwa naona kosa langu."

Naomba tukae hapo kidogo, hasa ninyi viongozi wa vikundi na walimu wenzangu mnaosoma ukurasa huu juu ya mabega ya vijana. Kijana aliyekubali kushindwa mia nyingi mbele ya kioo, kwa hiari, bila kulipwa na bila kusifiwa, ndiye huyo huyo aliyeshindwa mara moja katika mtihani akalala miezi. Tulikuwa tukisema kwamba vijana wa leo hawawezi kuvumilia ugumu. Mimi nimelisema, na kwenye mikutano ya wazazi nimelisema kwa sauti kubwa. Lakini usiku ule nilikuwa na ushahidi mbele yangu kwamba neno hilo si kweli, angalau kwa mtoto huyu mmoja, na nashuku kwamba hayuko peke yake.

Basi kuna tofauti gani? Nimeifikiria kwa majuma kadhaa. Ukifa katika makaburi yale, unajua papo hapo ni nini kilichokuua. Kabla hujaisha kuudhika, umekwisha kurudishwa, na kosa bado lina joto mkononi. Ramani ya safari yote hufunguliwa mbele yako, unaona umefika wapi na kumebaki nini. Hakuna anayekuita mpumbavu. Mifupa inaanguka, muziki unalia, unaanza. Nami darasani nilifanyaje? Nilikusanya karatasi za hesabu, nikazibeba nyumbani, nikazirudisha baada ya juma la tatu, na juu yake kuna tarakimu ya wino mwekundu, 4 kwa 20, bila neno la kuonyesha ni katika mstari upi mtoto alipoteza njia. Wakati huo somo lilikuwa limekwisha kuhamia kwingine. Mtoto alijua kwamba ameuawa, lakini hakujua na nani. Tena nilizoea kusoma alama kwa sauti, kuanzia ya juu kushuka chini, ili wa mwisho waone haya na kujitahidi. Sikumbuki hata mmoja aliyejitahidi kwa sababu ya haya. Nawakumbuka wachache walioacha kuja.

Sisemi hayo ili shule zigeuzwe kumbi za michezo. Nasema kwamba ugumu tuliojivunia haukuwa na mafundisho ndani yake kila mara. Mara nyingine ulikuwa uvivu wa mwalimu uliovaa joho. Kuna msemo kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni msemo mzuri, nami nimeutumia hata ukachakaa. Ila mhunzi aliyevunja koleo anajua vizuri ilivunjikia wapi.

Hata hivyo, sitaki kuusifu mchezo huu kupita kiasi chake, wala sitaki mpwa wangu akisoma hapa adhani kwamba alishinda kesi yote. Ugumu wa michezo ya zamani haukuzaliwa na hekima tupu. Mashine zile za 1985 ziliishi kwa sarafu. Huko Japani mtu alitia sarafu ya yeni, Marekani robo ya dola, akapewa roho chache. Zikiisha, atie nyingine au awapishe waliosimama nyuma yake. Mwenye duka hakupata kitu kutoka kwa kijana anayecheza saa nzima kwa sarafu moja. Kwa hiyo ilibidi mchezo uue haraka, lakini uue kwa namna ya kumfanya mtu aseme: "Nilikaribia, ngoja mara moja tena." Michezo hiyo ilipohamia nyumbani, ambako hakuna sarafu, ugumu ulihama nayo kwa sababu nyingine: vifaa vya kuhifadhia vilikuwa vidogo mno. Toleo la nyumbani la mchezo huu lilikaa ndani ya kilobaiti 128, kiasi ambacho picha moja tu ya simu zenu hukipita mara nyingi. Ukiondoa ugumu, safari nzima humalizika katika muda mfupi kuliko kupika maharagwe.

Kwa hiyo, katika mchezo mmoja kuna ugumu wa aina mbili, na ni kazi ya mtu mzima kuutenganisha. Pepo mwekundu ni mgumu kwa haki: ana desturi, na mwenye kutazama atamweza. Lakini maiti inayochipuka chini ya nyayo zako sekunde ile ile uliyotua, wakati huwezi kujirekebisha angani, hiyo ni ya mwenye duka anayetaka sarafu. Mpwa wangu hakubaliani nami. Anasema hata hizo zina dalili zake, ni mimi tu sijaziona. Huenda. Tumebishana juu ya jambo hili mara tatu, na naona raha kubishana naye kuliko kumhubiria.

Jambo ambalo hatubishani ni mwisho wake. Sijaufikia mimi, yeye ameufikia. Hatua ni sita, kisha chumba cha shetani mkuu. Kwanza, ukifika huko bila silaha iliyotakiwa, unarudishwa hatua ya tano kuifuata. Ukifika nayo na kushinda, baada ya mateso yote hayo, unatokea ujumbe wa kukuambia kwamba yote uliyoyaona yalikuwa mazingaombwe, mtego uliotegwa na Shetani. Unatupwa mwanzo kabisa, makaburini, ukaupite mchezo wote mara ya pili, nao umeongezwa makali. Ndipo utakapomwona binti mfalme kweli. Nilipomsikia akieleza hayo, nilimwuliza alihisi nini siku ile. Akasema alizima mashine, akatoka nje, akakaa juu ya jiwe la uani mpaka giza likaingia. Kesho yake akaanza upya.

Wazee wengine wa kikundi wataniambia kwamba huo ndio uvumilivu. Mimi nasema ni uonevu, na ninamwambia kijana yeyote anayenisoma kwamba ana ruhusa ya kuuita hivyo. Mtu akikuahidi kwamba mlima una kilele, ukapanda, kisha akauongeza mwingine juu yake, hajakufundisha subira, amekufundisha kutomwamini. Tunawajua watu wa namna hiyo pia nje ya mashine. Kuna waajiri wanaosema "jaribio la miezi mitatu", na mwezi wa tatu ukiisha wanasema jaribio lilikuwa halijaanza. Kuna mahali ambapo ada ya mtihani ikiisha kulipwa inazaliwa ada nyingine. Vijana wetu wameishi ndani ya vyumba vingi vya mazingaombwe kabla hawajagusa kidude chochote, na pengine ndiyo maana mwingine akishindwa mara moja anaamini kwamba hata akishinda atarudishwa makaburini.

Nigusie kidogo lile ambalo baadhi ya wazazi wameniuliza, kwamba mchezo umejaa mashetani, je, unafaa kuchezwa na vijana wetu? Nimeutazama kwa macho ya mtu anayelijali jambo hilo. Mashetani wamo, na kazi ya mchezaji ni kuwapiga mikuki. Hakuna mahali anapoombwa awasujudie. Tena kuna habari moja ndogo iliyonifurahisha: katika toleo la Kijapani, ile silaha inayotakiwa kumshinda shetani mkuu ni msalaba, katika toleo lililouzwa Marekani na Ulaya waliibadilisha ikawa ngao. Tawi la Nintendo la Marekani, miaka ile, lilikuwa na kanuni ya kuziondoa alama za dini katika michezo ya mashine zake. Nchi ya Wakristo wengi iliondolewa msalaba, nchi ya Wakristo wachache ikabaki nao. Sijengi fundisho juu ya hilo. Ninachowaambia wazazi ni kwamba wakitafuta hatari katika mchezo huu, waitafute katika saa, si katika pembe za pepo. Jioni ile nilidhani nimecheza robo saa. Ilikuwa saa mbili na zaidi. Mkojo ulikuwa umenibana na sikujua.

Limebaki swali ambalo vijana wenyewe hugombana juu yake: je, ni udanganyifu kuupunguza ugumu? Kuna mfano maarufu. Mwaka 1986 kampuni nyingine ya Kijapani, Konami, ilikuwa ikihamishia mashine ya nyumbani mchezo wake wa Gradius. Mtengenezaji mmojawapo, Kazuhisa Hashimoto, aliuona mgumu mno kwake mwenyewe alipokuwa akiujaribu. Akajitengenezea siri, juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, kisha vitufe viwili, na nguvu zote akapewa. Mchezo ukatoka, siri ikiwa bado ndani. Miaka miwili baadaye, katika mchezo wa nyumbani wa Contra, siri hiyo hiyo iliwapa wachezaji roho 30 badala ya 3, na watoto wa Marekani wakaikariri kuliko meza ya kuzidisha. Napenda sana habari hii. Fundi aliyejenga ukuta alijiachia mlango kwa sababu ukuta ulimshinda.

Hata Fujiwara, alipourudia mchezo wake kwa toleo jipya la 2021, aliweka ngazi nne za ugumu, na katika ile iliyo nyepesi ukifa unainuka pale pale ulipoangukia. Wako wanaosema ameuharibu. Mimi sioni hivyo. Mwenye mikono michanga aanzie ngazi ya chini. Mwenye roho 30 azitumie, kwa sababu ile roho ya 17 inaweza kumfikisha mahali ambapo bila hiyo asingepaona kamwe. Sharti langu ni moja tu, nalo ni la kimwalimu: asiseme amepita ngazi ya juu wakati alipita ya chini. Mpwa wangu ananiona mlegevu katika hili. Kwake, roho tatu ni roho tatu. Nimemkumbusha kwamba mimi mara nyingi nimewapa wanafunzi daftari wazi katika zoezi la kwanza, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Akacheka, akasema, "Ndiyo, Mjomba, lakini wewe umekufa mara 41."

Hukumu niliyoombwa niliitoa hivi. Mashine inabaki. Inawashwa saa moja jioni na kuzimwa saa mbili, nami nikiwapo nakaa chini pamoja naye, nikiwa sipo mama yake anashika saa. Dada yangu alitarajia hukumu kali zaidi, na sikumridhisha. Nilimweleza kwamba nikiibeba mashine hii leo, nitakuwa nimeondoa mahali pekee nyumbani humu ambapo mtoto bado anashindwa bila kuona haya. Kwanza tumtafutie pengine. Akasema, "Kaka, maneno yako ni mazuri, lakini mtihani hauna vitufe." Ni kweli. Sikuwa na jibu.

Tangu wakati huo nimefanya jambo moja, dogo. Kabatini nilikuwa bado na karatasi za zamani za maswali ya hesabu za mwaka wa sita. Nilizichukua, nikazipeleka, nikaziweka juu ya kile kiti karibu na televisheni, bila hotuba. Na yale mazoezi machache ninayosahihisha siku hizi nayarudisha kesho yake, na penye kosa natia alama mstari ule ule, sisubiri mwisho wa ukurasa. Ni kazi ya kuchosha. Mke wangu analalamikia mafuta ya taa.

Juzi Jumatano nilikwenda tena. Nilivuka maji kwa mara ya kwanza. Nikafika mbele ya jitu lenye pembe linalolinda lango, likaniangusha mara tano mfululizo. Zile karatasi zilikuwa zimehama kutoka kwenye kiti, ziko chini ya mto wake, na moja ilikuwa na mikunjo. Nilimwuliza kama amekwenda kujiandikisha. Hakunijibu. Alitia punje ya tano katika kikombe, akanisogezea kidude, akasema zamu bado ni yangu.